Mwaka Mmoja Ng'ambo ya Mpaka

Niliinua mkono kabla sijamfikiria Khaemba, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko mengine yote.

Ilikuwa Jumapili, ibada ya pili, kanisani kwetu Kitale. Jerono alikuwa amesimama mbele, mkono mmoja umeshika mimbari, mkanda wa mgongo ukionekana chini ya blauzi yake. Kwa miaka miwili alikuwa mkunga katika kituo kidogo cha afya huko Sudan Kusini, kituo ambacho kanisa letu limekuwa likikisaidia tangu nikiwa shule ya upili. Kila baada ya mavuno tulijaza lori mahindi, maharagwe, sabuni na mablanketi, likapanda hadi Lokichoggio, na kutoka huko ndege ndogo ikavivusha vitu ng'ambo ya mpaka. Sasa mgongo wa Jerono ulikuwa umeharibika kwa kulala chini na kubeba wagonjwa, na daktari alikuwa amemkataza kurudi.

Watu walingoja aombe magunia. Hakuomba.

"Mahindi yenu yalifika," alisema. "Tulipika uji, na kuna watoto wanatembea leo kwa sababu ya ule uji. Asanteni. Lakini leo sikuja kuomba mahindi. Nimeacha kule wamama thelathini na wanne wako na mimba, na mkunga hakuna. Wametembea siku sita wakikimbia vita, sasa wanalala chini ya maturubai. Nani ataenda kuwazalisha?"

Watu waliangalia viatu vyao. Mchungaji Mbogo alianza kusema kwamba jambo hilo tutaliweka katika maombi, na mimi, niliyekuwa nimezalisha wanawake kwa miaka sita pale mjini, nikaona mkono wangu uko juu. Niliogopa, siwezi kudanganya. Lakini sikuushusha.

Baba yangu, Zachary Gathii, alikuwa ameketi mstari wa kwanza pamoja na wazee wengine wa kanisa. Yeye ndiye aliyesimamia misaada ile. Ndiye aliyezunguka na daftari kutoka shamba hadi shamba akiwahimiza wakulima watoe. Aligeuka aone ni nani ameinua mkono. Alipoona ni mimi, aligeukia mbele tena, na hakunitazama hadi ibada ikaisha.

Nyumbani Saboti, chakula kilipoondolewa mezani, alisema kwa sauti ya chini, "Wakiuru, ile mkono, ishushe."

"Nimeshaandikisha jina, Baba."

"Nimetoa magunia miaka kumi na moja. Hakuna siku nilisema nitatoa mtoto."

"Wale wamama pia ni watoto wa mtu."

Mama yangu, Nyaruai, aliyekuwa akimimina chai, alisimama na birika hewani. Nyumbani kwetu hakuna aliyemjibu Baba hivyo. Baba alikisukuma kikombe chake mbali kidogo.

"Na wale watu wa Bungoma wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo kukuposa. Nitawaambia nini? Ati msichana ameenda vitani?"

"Siendi kupigana, Baba. Naenda kuzalisha."

Aliinuka, akachukua kofia yake, akaenda kuangalia ng'ombe, ingawa ilikuwa saa saba mchana na ng'ombe hawakuwa na shida yoyote. Tangu saa ile hakunisemesha tena.

* * *

Hao watu wa Bungoma walikuwa watu wa Ian Khaemba.

Nilikutana naye kwenye veranda ya wodi ya wazazi, miaka miwili iliyopita. Alikuwa amemleta dada yake kutoka kwao Kamukuywa, upande wa Bungoma, na dada huyo alihangaika saa kumi na nne kabla hajajifungua. Wanaume wengi huenda mjini wakarudi mambo yakiisha. Khaemba hakuenda popote. Kila nilipotoka nilimkuta amesimama palepale, chupa ya chai chini ya kwapa, na kila mara aliniuliza swali moja tu: "Na wewe, sista, umekula?" Nilipomletea mtoto amwone, hakumtazama mtoto kwanza. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyoruhusiwa, na nikajua kwamba mambo yangu yameharibika.

Alikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu pale Kibabii. Mtu mpole, mwenye mikono safi na maneno machache, anayefikiri kabla ya kusema. Kwa hiyo nilipomwona Jumanne akipanda ngazi za hoteli yetu ya kawaida karibu na soko la Kitale, akiwa bado na koti jeupe la kazini mkononi, nilijua hakupanga kuja. Amekurupuka tu.

Aliweka simu yake mezani, akaiwasha. Ilikuwa video ya sekunde arobaini. Jerono akiongea, kisha kichwa changu kwa nyuma, kisha mkono wangu.

"Hii nimetumiwa na mtu wa kazini," alisema. "Mtu wa kazini, Wakiuru. Ameniuliza, 'Si huyu ni wako?' Nikakosa la kumwambia."

"Nilitaka kukuambia uso kwa uso."

"Jumapili hadi leo ni siku mbili. Simu yangu haikuzimika."

"Niliogopa."

"Uliogopa kunipigia simu. Lakini kwenda mahali watu wanapigana na bunduki, hiyo hukuogopa."

Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilikaa kati yetu pamoja na vikombe vya chai.

"Unisamehe kwa hilo," nikasema. "Ningekupigia jioni ileile. Nilikosa. Lakini kwenda, sikukosa."

Khaemba aligeuza uso, akatazama nje, chini barabarani ambako wanawake walikuwa wakipakua viazi. Nilijua baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu na kwamba alifia njiani. Zaidi ya hapo hakuwa amewahi kuniambia. Siku hiyo alisema yote, bila kunitazama.

"Alikuwa amebeba unga. Unga tu, wa watu wa kule unakoenda. Gari ilipigwa risasi saa nne asubuhi, mbele kidogo ya mpaka. Tulingoja mwili wiki tatu. Kila siku nikitoka shule nilitumwa barabarani kuangalia kama umeletwa. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Kila gari kubwa ikipunguza mwendo, nilikuwa nafikiri ni yeye."

Niliushika mkono wake. Aliuacha ukae mle mkononi mwangu kidogo, kisha akautoa polepole, kama mtu anayehofia kuamsha mgonjwa.

"Sasa wewe unaniambia nirudi kwa ile barabara, nisimame tena, nikungoje."

"Khaemba."

"Chagua," alisema. "Mimi ama hiyo kituo."

"Usiniambie nichague. Kesho mtu akikuambia uchague kati yangu na mama yako, utasema nini?"

"Hiyo si kitu sawa."

"Kwangu ni sawa. Wewe nakupenda. Na wale wamama hawana mtu. Vyote viwili viko ndani yangu, na sitakata kimoja ndio kingine kipate nafasi."

Ndipo aliponitazama. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, na yalinipitia uso mzima, paji, midomo, shingo, kama anayejiwekea akiba. Nilitamani kuinuka nikae upande wake wa meza, nimwegemee bega, niseme sawa, siendi. Ilikuwa rahisi hivyo. Maneno mawili tu. Nilikunywa chai yangu iliyopoa ili kinywa kipate kazi nyingine.

"Mama anajua?" aliuliza.

"Bado."

"Basi usimwambie. Mimi nitamtafutia siku, nimwambie polepole."

"Hapana. Nitaenda mwenyewe. Mimi ndiye naenda, mimi ndiye nitamwambia."

"Utamuua, Wakiuru."

"Akisikia kutoka kwa video ndio nitamuua."

Alichukua koti lake. Alishuka ngazi bila kuaga, na chai yake aliiacha hata hajaigusa.

* * *

Jumamosi nilikwenda Kamukuywa.

Mama yake Khaemba, Lenah Nabwile, huuza mboga za kienyeji kwenye soko lile, na siku zisizokuwa za soko huwa nyumbani akichambua za kesho yake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nyuma ya jiko, rundo la mrenda mbele yake. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, akilitamka kwa lafudhi ya kwao, kama anavyoniita siku zote.

"Losalini. Kumbe ni wewe. Kaa, mukhana wange, binti yangu."

Nilikaa, nikavuta kikapu, nikaanza kunyonyoa majani pamoja naye. Aliuliza habari za Mama, za Baba, za mahindi ya Saboti. Nilijibu. Kisha nikaona kwamba nikiendelea kujibu habari za mahindi jua litatua kabla sijasema.

"Mama, nimekuja kukuambia kitu. Nilitaka usikie kutoka kwa mdomo wangu."

"Sema."

Nilisema yote, sikulainisha neno. Nilipotaja jina la ile nchi mikono yake ilisimama. Nilipomaliza, ilianza kazi tena, lakini majani sasa yaliangukia nje ya kikapu.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna. Nimejituma."

"Utakaa siku ngapi?"

"Mwaka mmoja."

"Na hatari ikija, mkiambiwa mtoke, utatoka?"

"Wengine wakitoka, natoka nao. Siendi kutafuta sifa, Mama."

Kuku alikuja akadonoa jani, naye hakumfukuza.

"Baba Khaemba aliniambia anaenda Eldoret," alisema mwishowe.

Nilimtazama.

"Siku ile. Alisema, 'Nabwile, napeleka mzigo Eldoret, kesho jioni niko hapa.' Nikamwambia sawa. Nilikuwa nafua, hata sikuinua kichwa. Kumbe anaenda huko. Alijua nikisikia nitakataa. Na ningekataa, Losalini. Ningepiga kelele mpaka majirani wakuje. Lakini mwishowe angeenda, kwa sababu ndiyo kazi alikuwa nayo, na mimi ningemtazama akitoka. Mtu umekaa naye miaka kumi na saba, unataka umtazame akitoka. Mimi nilibaki natazama mapovu ya sabuni."

Hakulia. Nadhani alikuwa ameshalimaliza lile la kulia zamani.

"Sitasema nimefurahi," aliendelea. "Nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya. Sitalala vizuri mpaka urudi. Lakini wewe umekuja hapa na miguu yako, ukakaa chini, ukaniambia. Hiyo heshima baba Khaemba mwenyewe hakunipa. Basi mimi siwezi kukuzuia."

Nilimwinamia, na yeye akaniwekea kichwani mkono wake wenye harufu ya majani mabichi. Tulikuwa hivyo Khaemba alipotokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amekuja nyumbani kwa wikendi. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akaelewa kwamba yameshasemwa.

Mama Nabwile aliinuka na kikapu chake. "Naenda kuosha mboga," alisema. "Muongee kama watu wakubwa."

Khaemba alikaa kwenye mkeka, mahali alipotoka mama yake. Alikuwa hajanyoa ndevu, na shati lake lilikuwa la jana.

"Nimefikiria," alisema. "Sijalala, nimefikiria tu. Lori inaondoka lini?"

"Alhamisi. Ndege inatoka Lokichoggio Ijumaa. Nikiikosa, nyingine ni mwezi ujao."

"Basi Jumatano tuoane."

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Nitaongea na Mchungaji Mbogo. Hata kama ni watu watano kanisani, hata bila keki, bila gari, bila nini. Uende ukiwa mke wangu."

Sitajifanya kwamba lilikuwa jambo dogo. Tangu siku ya ile veranda nilikuwa nimejiona nikiwa mke wa mtu huyu. Nilikuwa nimeshachagua hadi rangi ya mapazia. Na alikuwa amekaa karibu, goti lake likigusa langu. Nusura nikubali. Nilifungua kinywa nikubali.

"Kwa nini Jumatano?" nikauliza badala yake.

"Ndio nijue wewe ni wangu."

"Na nisiporudi?"

Aliinamisha kichwa, akatazama mkeka.

"Nisiporudi utakuwa mgane na miaka thelathini na moja. Hii boma imeshafiwa mara moja kwa ile barabara, Khaemba. Sitaki kuolewa tukiogopa. Nataka siku nikiolewa na wewe tuwe tunacheka, nione meno yako yote. Jumatano hakuna mtu atacheka."

"Kwa hivyo hunitaki."

"Nakutaka mpaka inauma. Ndio maana nakataa. Kaa huu mwaka ukiwa huru. Ukichoka kungoja, uniambie. Sitakulaumu, na sitamwambia mtu vibaya juu yako."

Aliokota bua la mrenda, akalivunja vipande viwili, akavivunja tena.

"Huo uhuru sikukuomba," alisema.

Aliinuka, akapita kati ya mahindi, akaenda. Nilisikia majani makavu yakipigana nyuma yake, kisha sikusikia tena. Ni mama yake aliyenisindikiza hadi barabarani.

* * *

Siku zilizofuata Khaemba hakupiga simu. Niliandika ujumbe nikaufuta, nikaandika mwingine nikaufuta. Usinifikirie kuwa nilikuwa mtu wa chuma. Nilikuwa naosha vyombo na machozi yanaingia kwenye beseni. Lakini nikishamaliza kuosha, nilipanguza mikono nikaenda kwa Jerono.

Jerono alikuwa amelala chali nyumbani kwake, mto chini ya magoti, akinifundisha. Alinifundisha kuzalisha kwa mwanga wa tochi ya kichwani, kuchemsha mikasi kwenye sufuria, kumtambua mama anayevuja damu kabla damu haijaonekana. Alinifundisha maneno ya kule: sukuma, pumua, ngoja, ni msichana, ni mvulana. Siku moja nilimuuliza kama aliwahi kujuta.

"Nilijuta kila wiki," alisema. "Alafu mtoto analia, unasahau kujuta, unatafuta kitambaa cha kumfunika." Alinitazama. "Ni mwanamume?"

"Ndiyo."

"Atakuja?"

"Sijui."

"Na kama hatakuja, utaenda?"

"Nitaenda."

Nilishangaa jinsi neno hilo lilivyotoka bila kukwama. Niliumia, lakini sikuwa na shaka. Nilikuwa sijajua kwamba mtu anaweza kuwa na vitu hivyo viwili kwa wakati mmoja.

Kwa Baba hali ilikuwa ileile. Alikula, akasali, akalala, akaamka, na mimi nikawa kama kiti nyumbani mle. Mama alinikunjia nguo akisema mambo ya soksi na dawa ya mbu. Jumatano jioni tu, akiwa amenipa mgongo, ndipo aliposema, "Baba yako si mbaya. Ni vile anajua mahali magunia yanaenda. Jerono alikuwa anamwandikia yeye barua. Yale ambayo hakutusomea sisi, yeye alisoma."

* * *

Alhamisi saa mbili asubuhi lori lilikuwa limeshajaa katika uwanja wa kanisa. Mlima Elgon ulikuwa wazi, hauna wingu hata moja. Wamama wa kanisa walikuwa wamekuja na vikapu, na kwaya ilikuwa imeimba ikachoka. Baba alikuwepo. Alizunguka lori akivuta kamba za turubai moja moja, kama anavyofanya kila mwaka, na kila alipofika upande niliosimama aliangalia kamba tu.

Mchungaji Mbogo alimwita. "Mzee Gathii, tuombee safari."

Kila mwaka ni yeye aliyeombea lori, na maombi yake yalikuwa marefu. Aliombea magurudumu, madaraja, dereva, hata maofisa wa mpakani. Alivua kofia. Tuliinamisha vichwa. Tulingoja. Sauti ya injini ilisikika, na mtoto mmoja akakohoa.

"Mungu," Baba alisema, "huyu ni mtoto wangu."

Alijaribu kuendelea.

"Nakuambia tu, ujue. Amina."

Nilipofumbua macho, nilimwona Khaemba.

Alikuwa amesimama langoni, amenyoa, amevaa ile suti ya kijivu aliyoshonesha kwa ajili ya Jumamosi. Kando yake alikuwa Mama Nabwile, kitambaa kipya kichwani. Nilifikiri atakuja kwangu. Miguu yangu ilianza kumwendea yenyewe. Lakini alinipita, akaenda moja kwa moja kwa Baba, akamsalimia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kumuaga."

"Ndiyo. Na nimekuja kuuliza kama Jumamosi bado iko."

Baba alimtazama asielewe. "Jumamosi gani, kijana? Msichana anaenda leo. Si unaona lori?"

"Naona. Lakini sisi tutakuja vile tulipanga. Mimi, mama yangu, na wajomba. Tukae, muniulize maswali, mnijue. Yeye hatakuwepo, lakini mimi nitakuwepo."

Nilijisogeza hadi nikawa kati yao.

"Khaemba, nilikuambia ukae huru."

Aligeuka. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa na ule utulivu wa mtu aliyemaliza kubishana na nafsi yake.

"Wewe uliinua mkono bila kuniuliza," alisema, kwa upole kabisa. "Na mimi nimeamua bila kukuuliza. Nilikwambia uchague. Hilo nililifanya vibaya, na ninaomba unisamehe. Lakini hasira sijamaliza, Wakiuru. Nimekasirika hata sasa hivi. Sasa hiyo hasira itakaa hapa na mimi, na tutakungoja sisi wawili."

Nilicheka. Nilicheka na machozi yakanitoka, na yeye akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo, tabasamu la kwanza tangu wiki iliyotangulia. Nyuma yake nilimwona Mama Nabwile amefika kwa mama yangu. Hawakuwa wamewahi kukutana. Walishikana mikono wakasimama hivyohivyo, bila kutambulishwa na mtu.

Kwetu, mzazi hawezi kupokea posa bila kumuuliza msichana mbele ya watu. Swali hilo lilikuwa liulizwe Jumamosi, sebuleni, wazee wamekaa kwenye viti vizuri na mimi nimevaa gauni jipya. Baba alirudisha kofia kichwani. Akaivua tena. Kisha akanitazama machoni, mara ya kwanza kwa siku kumi na moja.

"Wakiuru."

"Naam, Baba."

"Hawa watu wakija Jumamosi, niwapokee?"

Nilimtazama Khaemba. Mikono yake ilikuwa imekamata ukingo wa koti lake kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

"Wapokee, Baba."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

Baba aliitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba amekubali niende. Hadi leo hajasema. Aliinama, akachukua begi langu kutoka miguuni pa Mama, akalibeba mwenyewe hadi mbele ya lori, akalipandisha, akalisukuma nyuma ya kiti na kulijaribu kama litateleza. Alipotosheka, alinishika bega kwa nguvu, mara moja, akaenda kusimama pamoja na wazee wenzake.

Khaemba alinifungulia mlango. Nilipokuwa nimeshakaa, alisimama kwenye ngazi ya lori, uso wake ukawa sawa na wangu, na kwa sababu wazee wote wa kanisa walikuwa wakituangalia, aliuweka tu mkono wake juu ya wangu, kwenye ukingo wa dirisha. Ulikuwa mkono wa joto. Alisubiri hadi dereva akamtazama.

"Enda," aliniambia. "Kuna watu wanakungoja huko."

Kisha akashuka, akafunga mlango kwa mikono miwili, akausukuma kuhakikisha umeshika.